Kuhama na Kurudi: Mipango ya Kufufua Nchi Baada ya Ajali za Chernobyl na Fukushima

Waandishi wa historia wamezoea kuifunga habari ya msiba siku ile moto unapozimwa na maiti wanapozikwa. Baada ya hapo hutaja gharama, hutaja majina ya mashujaa, kisha hugeuza ukurasa. Ajali ya kinu cha nyuklia haikubali kufungwa hivyo. Miongoni mwa vitu vinavyotoka katika kinu kilichopasuka kimo kimoja kiitwacho sesiamu-137, ambacho nguvu yake hupungua nusu kwa kila miaka 30. Kikianguka shambani siku anapozaliwa mtoto, nusu yake itakuwapo mtoto huyo atakapokuwa mzazi, na robo yake itakuwapo atakapokuwa babu. Basi serikali inayoandika mpango wa kufufua nchi iliyopatwa na ajali ya namna hiyo huandika waraka ambao wanaoutia sahihi hawatauona mwisho wake.

Insha hii yakusudia kulinganisha mipango ya mataifa mawili: ule wa Umoja wa Kisovieti, pamoja na nchi zilizourithi, baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, na ule wa Japani baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa lugha anatafuta nini katika shamba la wahandisi na waganga. Jibu langu ni kwamba mpango, kabla haujawa matingatinga na mizani ya kupimia mionzi, ni maneno. Sheria hulipa eneo jina, humpa mtu jina, na hutaja mwaka wa kutimizwa kwa ahadi. Majina hayo yakishaandikwa, watu huishi ndani yake miaka mingi, nayo huamua nani atalipwa, nani atarudi, na nani atahesabiwa kuwa amekwisha kusaidiwa.

Chernobyl: mpango wa kuhama

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nne cha Chernobyl, katika Ukraine, kililipuka. Karibu na hapo palikuwa na mji wa Pripyat, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mitambo hiyo, wenye watu wapatao 49,000. Alasiri ya tarehe 27 watu hao walipakiwa katika mabasi. Waliambiwa wachukue vyeti vyao na chakula kidogo, kwa kuwa safari ilikuwa ya muda tu. Wengi walifahamu kuwa ni siku tatu. Hawakurudi tena kuishi humo. Kabla ya mwaka kwisha watu 116,000 walikuwa wameondolewa katika mduara wa kilomita 30 na sehemu zilizopakana nao, na katika miaka iliyofuata wakahamishwa wengine wapatao 220,000. Wafanyakazi wa mitambo walijengewa mji mpya, Slavutych, ambao watu walianza kuhamia mwaka 1988.

Kuhama huko kuliokoa wengi, wala si haki kukubeza. Walakini palikuwa na jambo dogo zaidi lililosahauliwa, nalo ni maziwa. Katika majuma ya kwanza iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala majani, na watoto wa vijijini wakanywa maziwa kama siku zote, kwa kuwa wazazi wao hawakuambiwa wayaache. Kufikia mwaka 2005 kulikuwa kumeorodheshwa zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi ya shingo miongoni mwa wale waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, na sehemu kubwa ya ugonjwa huo yahesabiwa kuwa ilitokana na maziwa hayo. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila mtu atakayesoma habari za miaka iliyofuata. Watu walipokataa kuamini maneno ya serikali, hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwisha kunyamaziwa mara moja, na kwa gharama kubwa.

Eneo lililohamwa liliitwa katika Kiukraine *zona vidchuzhennia*. Neno hilo la pili limetoka katika shina lenye maana ya -geni, au -a watu wengine, hata twaweza kulifasiri kwa Kiswahili kuwa "eneo lililofanywa geni". Nchi ya mtu yaweza kufanywa ngeni kwa sheria, lakini yeye mwenyewe haisahau. Wazee zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake, walipenya wakarejea vijijini mwao bila ya ruhusa, wakalima viazi vyao na kuzika wafu wao. Lugha ya afisi iliwaita *samosely*, maana yake waliojikalisha wenyewe, ingawa walikuwa wamekaa pale kabla ya mitambo yenyewe kujengwa. Nao askari na vibarua waliopelekwa kusafisha, ambao wapatao 600,000 walipewa hadhi hiyo rasmi, waliitwa *likvidatory*, yaani wamalizaji. Jina hilo lilidai kwamba liko jambo lililokwisha, na halikuwa limekwisha.

Sheria kubwa zilitungwa mwaka 1991. Nchi nje ya mduara iligawanywa kwa kadiri ya sesiamu iliyokuwamo katika udongo: kiwango cha juu, watu hawana budi kuhamishwa, kiwango cha kati, mwenye kutaka kuhama asaidiwe, kiwango cha chini, watu wakae lakini wapimwe na walipwe. Mgawanyo huo ulikuwa na nia njema, na kwa mara ya kwanza uliwapa raia haki waliyoweza kuidai kwa jina. Lakini kabla ya mwaka kwisha dola iliyozitunga sheria hizo ilivunjika, na deni likawaangukia Ukraine, Belarus na Urusi. Belarus ilitumia 22.3 kwa mia ya bajeti ya taifa kwa ajili ya Chernobyl mwaka 1991. Mwaka 2002 ilikuwa imebakia 6.1 kwa mia. Watu wapatao milioni 7 katika nchi hizo tatu walikuwa wakipokea malipo au kustahili kupokea. Kwa wingi wao, kila mmoja alipata kidogo mno, na yule mgonjwa hasa hakupata zaidi ya jirani yake mzima.

Mwaka 2005 mkutano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali hizo tatu, ulioitwa Baraza la Chernobyl, ulitoa ripoti yake. Baada ya kutaja maradhi, ripoti ilisema kwamba madhara yaliyoenea kuliko yote ni yale ya moyo na akili, na kwamba kule kuwaita watu "wahanga", badala ya "walionusurika", kuliwafanya wajione hawana nguvu juu ya maisha yao wenyewe. Wengine waliichukia hukumu hiyo, wakidhani kuwa wanaambiwa ugonjwa wao ni wa kujitungia. Mimi naona kwamba ripoti ilisema kweli, lakini nusu yake. Watu hawakujiita wahanga kwa uvivu. Sheria ndiyo iliyowaita hivyo, na mtu aliyelikataa jina alikataa pia mkate uliofungamana nalo.

Njia nyingine ilianza kuonekana katika kijiji cha Olmany, huko Belarus, mwaka 1996. Wataalamu kutoka Ufaransa walikwenda pale kwa kazi iliyoitwa ETHOS, na badala ya kuwahutubia wanakijiji waliwauliza wasiwasi wao ni nini. Akina mama walitaka kujua kama maziwa ya ng'ombe wao yanafaa kwa watoto. Basi wakafundishwa kupima wenyewe. Ikadhihirika kwamba maziwa ya kijiji kimoja hayalingani: yalitegemea malisho, majani makavu ya kipupwe, na majivu yaliyomwagwa bustanini. Mama aliyejua hayo aliweza kuchagua. Mafunzo ya Olmany na ya sehemu nyingine yaliingizwa katika mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi uliotolewa mwaka 2009, wenye kuhusu maisha ya muda mrefu katika nchi zilizochafuliwa. Miaka miwili baadaye mwongozo huo ulihitajiwa.

Fukushima: mpango wa kurudi

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi na tsunami iliyolifuata viliikumba pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Kituo cha Fukushima Daiichi kilikosa umeme wa kupozea vinu, na vitatu kati yake viliyeyuka ndani. Amri ya kuhama ilianzia kilomita 3, ikafika 10, kisha 20, yote katika muda wa siku moja. Upepo na theluji vilipeleka mionzi upande wa kaskazini-magharibi, hata kijiji cha Iitate, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa nje ya kilomita 30 na ambacho kilikuwa kimewapokea wakimbizi, kikaamriwa kuhama mwezi wa Aprili. Hesabu ya waliohama makwao katika mkoa wa Fukushima, kwa amri au kwa hiari yao, ilizidi 160,000.

Japani ilikuwa na vinu zaidi ya 50, lakini haikuwa na sheria hata moja ya kusafisha nchi iliyochafuliwa nje ya ua wa kituo. Wajapani wenyewe wana neno la kulieleza jambo hilo: *anzen shinwa*, yaani ngano ya usalama. Kwa miaka mingi wakazi wa pwani waliambiwa kwamba ajali kubwa haiwezi kutokea. Na asiyekiri kwamba nyumba yaweza kuungua hawezi kupanga namna ya kuijenga upya. Kwa hiyo sheria ilitungwa baada ya msiba, mwezi wa Agosti 2011, na Wakala wa Ujenzi Mpya ukaanzishwa mwezi wa Februari 2012. Ulikusudiwa kuishi hadi 2021. Sasa umeongezewa muda hadi mwaka 2031.

Shauri la Japani lilikuwa kinyume cha lile la Kisovieti. Badala ya kuifanya nchi ngeni, iliazimia kuisafisha na kuwarudisha wenyeji. Kuanzia Aprili 2012 maeneo yaligawanywa mara tatu kwa kipimo cha milisiveti, ambacho ni kipimo cha mionzi uipatayo mwili. Mtu wa kawaida duniani hupata 2.4 hivi kwa mwaka kutokana na ardhi, anga na chakula. Panapotazamiwa si zaidi ya 20 kwa mwaka paliitwa eneo la kujitayarisha kuondolewa amri. Panapozidi 20 paliitwa eneo la makazi yaliyowekewa mpaka. Panapozidi 50 paliitwa *kikan konnan kuiki*, eneo ambalo kurudi kwake ni kugumu. Tutazame neno hilo la mwisho. Halikusema "haiwezekani", wala halikusema "ngojeni miaka kadhaa". Lilisema "kugumu", na kwa neno hilo moja mtu aliachwa kati ya kutumaini na kukata tamaa; hakujua kama aezeke upya paa la nyumba yake au aiage.

Kazi ya kusafisha, iitwayo *josen*, ilikuwa kubwa kupita kiasi. Vibarua walikwangua udongo wa juu kwa kadiri ya sentimita 5, wakaosha mapaa, wakaokota majani makavu kandokando ya nyumba. Takriban sehemu 7 kati ya 10 za mkoa ni misitu, na misitu haikwanguliwa ila ukingoni, hata wenyeji wa milimani, waliozoea kuokota uyoga na mboga za mwituni, walirudishiwa nyumba lakini hawakurudishiwa mlima. Udongo uliotolewa ulitiwa katika magunia meusi, yakapangwa juu ya mashamba ya mpunga kama kuta, kisha ukapelekwa katika ghala kubwa la muda lenye hekta 1,600 katika miji ya Okuma na Futaba. Umekusanywa huko udongo wa mita za ujazo zipatazo milioni 14. Wenye ardhi hiyo waliombwa waiuze au waikodishe, na wengi walikubali kwa uchungu ili wenzao wapate kurudi. Mkabala wa hayo waliahidiwa kwa sheria ya mwaka 2014 kwamba udongo utatolewa nje ya mkoa na kuzikwa kwingine kabla ya mwezi wa Machi 2045.

Ahadi ni deni. Hadi leo hakuna mkoa uliokubali kuupokea udongo huo. Mwezi wa Julai 2025 serikali ilipeleka kiasi kidogo, kilichopimwa kikaonekana hakina mionzi mingi, kikafukiwa chini ya majani ya bustani ya afisi ya Waziri Mkuu mjini Tokyo, ili wananchi waone kwamba wakubwa hawauogopi. Kitendo hicho chaweza kuchekwa, lakini mimi sikicheki. Umeme wa kituo kile ulikuwa ukipelekwa Tokyo na mikoa inayouzunguka. Si vibaya udongo nao ukafuata njia ile ile, ijapokuwa kwa vijiko.

Katika chakula Japani ilifanya kazi iliyo safi kuliko yote. Kuanzia mavuno ya 2012 kila gunia la mchele wa Fukushima lilipimwa, magunia yapatayo milioni 10 kwa mwaka, na tangu mavuno ya 2015 halikupatikana hata moja lililovuka kiwango cha sheria. Hata hivyo wanunuzi wa mbali waliendelea kusita, na wakulima wakauza kwa bei ya chini. Wajapani huita hasara hiyo *fūhyō higai*, madhara ya uvumi. Ni neno lenye kusaidia na kuumiza pamoja. Lilimwezesha mkulima kudai fidia kwa hasara ambayo haikutoka katika udongo wake; lakini mama aliyekuwa na hofu ya kweli juu ya mwanawe naye aliogopa kusema, asije akaitwa mwenye kueneza uvumi.

Nchi ilirudi, watu je?

Tukipima kwa ardhi, mpango wa Japani umefaulu. Maeneo yaliyokuwa chini ya amri ya kuhama yalifika yapata 12 kwa mia ya mkoa. Sasa hayafiki 3 kwa mia. Wilaya moja ya Tamura ilifunguliwa mwezi wa Aprili 2014, Naraha mwaka 2015, sehemu kubwa ya Iitate na sehemu ya Namie mwaka 2017, na Futaba, mji wa mwisho, tarehe 30 Agosti 2022. Lakini Futaba ulikuwa na watu wapatao 7,000 kabla ya ajali, na waliorudi ni wachache mno. Wakala wa Ujenzi Mpya umewauliza wenyeji mara nyingi, na zaidi ya nusu ya waliojibu walisema kwamba wamekwisha kuamua kutorudi. Miaka 11 ni mingi. Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza amemaliza shule mahali pengine. Baba amepata kazi. Nyumba imeingiwa na nguruwe mwitu.

Vile vile amri ilipoondolewa, malipo yaliyofungamana nayo yalikatika baada ya muda. Msaada wa nyumba kwa wale waliohama kwa hiari yao ulikoma mwezi wa Machi 2017. Neno "kurudi" lilikuwa limetajwa kama zawadi. Kwa wengine liligeuka kuwa tarehe ya mwisho. Serikali yenyewe ililitambua hilo kwa sehemu. Mwezi wa Desemba 2013 iliacha shauri la kuwarudisha wote, ikakubali kuwasaidia pia wanaochagua kuanza maisha kwingine. Na mwaka 2023 ilirekebisha sheria ili wanaotaka kurudi katika sehemu zile ngumu wasafishiwe makazi kabla ya mwaka 2030. Hiyo yaonyesha kwamba mpango mwema ni ule unaokubali kusahihishwa.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito. Katika mkoa wa Fukushima waliouawa na tetemeko na tsunami ni 1,600 hivi. Waliokufa baadaye kwa taabu za kuhama na kuhamahama, wengi wao wazee na wagonjwa waliotolewa vitandani, wamezidi 2,300. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi imesema, katika ripoti yake iliyotolewa mwaka 2021, kwamba haijaona madhara ya afya kwa wakazi ambayo yaweza kuhesabiwa kuwa yametokana moja kwa moja na mionzi yenyewe. Hatuwezi kusema kwamba watu wasingehamishwa. Iodini ya siku za kwanza ilikuwa hatari, na Chernobyl imetufunza hilo. Lakini mpango uliofikiria kilomita haukumfikiria bibi wa miaka 85 aliyehamishwa mara kadhaa, kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, katika baridi ya mwezi wa Machi.

Maneno yetu

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki hazina vinu vya umeme wa nyuklia. Hata hivyo si wageni katika habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, ambako Kiswahili husemwa. Hospitali zetu zinatumia mionzi kutibu saratani. Tanzania ilitunga sheria ya nguvu za atomiki mwaka 2003, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Siku yoyote mfasiri aweza kupewa mpango wa namna hii autie katika Kiswahili, naye hatakuta maneno yote kamusini.

Neno la kwanza litakalomjia kwa ajili ya watu waliopatwa ni "waathirika". Na asimame hapo kidogo. Twakumbuka kwamba wenzetu wenye virusi vya UKIMWI waliitwa waathirika kwa miaka mingi, katika redio, katika hotuba na katika nyaraka za misaada, hata wenyewe wakalikataa neno hilo. Walisema kwamba lawaonyesha kama watu waliotendwa tu, wasio na la kutenda. Leo twasema "watu wanaoishi na virusi", na kwa kifupi WAVIU, na kitenzi "kuishi" kimewarudishia nafasi yao. Wanakijiji wa Olmany waliipata nafasi hiyo kwa mizani ya kupimia maziwa. Sisi tuliipata kwa ubishi juu ya neno, kabla wanazuoni hawajaligusa.

Kwa hiyo ningependa mpango wa aina hii, ukiandikwa kwa Kiswahili, uwe na mambo matatu. Jina la eneo liseme muda, ili mtu ajue kama anangoja mwaka mmoja au miaka thelathini. Jina la mtu lisiwe sharti la kupata haki yake, bali hali yake ndiyo itazamwe. Na neno "kurudi" lisiandikwe peke yake, bali kando yake liandikwe "kuhama" na "kungoja", kila moja likiwa na msaada wake, ili mwenye nyumba achague mwenyewe. Ufaao kuandikiwa hayo ni wakati huu, ambapo hakuna kinu kilichopasuka na hakuna basi linalongoja mlangoni.